Singapore: Mabasi ni ya Serikali, Waendeshaji ni Makampuni. Hasara ya Siti Tupu Ni ya Nani?

Swali la msomaji, Dar es Salaam: Shikamoo mtaalamu. Nimesoma kwamba Singapore mabasi yote ya umma ni mali ya serikali lakini yanaendeshwa na makampuni binafsi, na madereva hawagombanii abiria. Hapo ndipo ninapokwama. Kama kampuni haichukui nauli, faida inaipata wapi? Na kama serikali ndiyo inayoilipa, nini kinaizuia isizembee? Tukitaka kuiga, tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Swali lako limegusa kiini cha mfumo wenyewe, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu kidogo.

Tuanze na kitu unachokijua: hesabu. Dereva wa daladala anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Kilichobaki baada ya mafuta na posho ya kondakta ndicho chake. Ukishaupanga mchezo hivyo, mengine yote yanafuata yenyewe. Gari linasubiri lijae kwa sababu siti tupu inamla dereva mfukoni. Ruti inakatishwa kwa sababu mwisho wa ruti hakuna abiria wa kurudi nao. Magari mawili yanakimbizana kwa sababu abiria aliyeko kituoni ni wa atakayefika kwanza. Mwanafunzi anaachwa kwa sababu nauli yake ni ndogo. Hatupaswi kuwalaumu madereva kwa tabia. Tumewabebesha hasara ya nauli watu wasio na mtaji wa kuibeba.

Singapore nayo ilipitia huko huko. Katika miaka ya 1960 jiji lilihudumiwa na kampuni moja ya zamani ya Kiingereza pamoja na makampuni kumi na kitu ya Wachina, kila moja na eneo lake, magari yake mabovu na ratiba yake. Pembeni yao zilikuwepo teksi bubu kwa maelfu zilizojaza pengo. Serikali iliyaunganisha makampuni hayo kuwa matatu mwaka 1971, na Julai 1973 yakawa moja, Singapore Bus Service. Mwaka 1974 ilipeleka maofisa wake ndani ya kampuni hiyo kwenda kunyoosha karakana, ratiba na ukusanyaji wa nauli. Teksi bubu ziliondolewa katika kipindi hicho hicho, na ushirika wa teksi ulioanzishwa na vyama vya wafanyakazi mwaka 1970 ukawapa madereva wengi leseni halali. Angalia mpangilio huo: mlango mmoja ulifungwa huku mwingine ukifunguliwa. Kufunga peke yake kungezalisha mgomo tu.

Mfumo unaouulizia wewe, hata hivyo, ni wa juzi. Kwa miaka mingi baada ya hapo makampuni ya mabasi yalijinunulia magari, yakachukua nauli na kuorodheshwa kwenye soko la hisa. Huduma ilikuwa nzuri kwa viwango vyetu, lakini idadi ya watu ilipopanda kwa kasi katika miaka ya 2000, mabasi yalianza kujaa hadi mlangoni. Kampuni haikuwa na sababu ya kuongeza basi kwenye ruti isiyolipa. Mwaka 2012 serikali ikatenga dola za Singapore bilioni 1.1 ili kununua mabasi 550 na kugharamia uendeshaji wake, na makampuni yakatakiwa kuongeza mengine 250 kwa fedha zao. Wananchi waliuliza swali la haki kabisa: kwa nini kodi yetu inunue magari ya kampuni yenye wanahisa wanaogawana faida? Mei 2014 serikali ikatangaza itabadili mfumo mzima, na mwaka 2016 ukaanza kufanya kazi.

Msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Nchi Kavu, LTA. Iliundwa Septemba 1995 kwa kuunganisha vyombo vinne: msajili wa magari, shirika lililojenga reli ya jiji, kitengo cha barabara kutoka Idara ya Ujenzi wa Umma, na kitengo cha usafiri wa nchi kavu kutoka wizarani. Kwa maana hiyo anayechora barabara, anayesajili gari, anayejenga reli na anayepanga ruti ya basi wamo chini ya paa moja. Nitarudi kwenye jambo hili, maana lina uzito kuliko linavyoonekana.

Sasa mkataba wenyewe. Jiji limegawanywa katika mafungu ya ruti, 14 kwa mgawanyo wa sasa, kila moja likiwa na mabasi mia kadhaa, depo yake na vituo vikuu vyake. LTA inaamua ruti inapita wapi, basi la kwanza linatoka saa ngapi, na nafasi kati ya basi na basi ni dakika ngapi. Kisha inatangaza zabuni. Ombi linaletwa kwa bahasha mbili: ya kwanza ni ya ubora, inaeleza jinsi utakavyoajiri, utakavyofanya matengenezo na utakavyopanga zamu, ya pili ni ya bei. Wapimaji wa ubora wanamaliza kazi yao kabla bei haijaingia kwenye hesabu. Mshindi anapata miaka mitano, inayoweza kuongezwa miwili akifanya vizuri. Fungu la kwanza kuzabuniwa, Bulim, lilikwenda kwa Tower Transit ya Uingereza mwaka 2015 kwa takriban dola milioni 556 kwa miaka mitano, ruti 26, na mabasi yakaingia barabarani Mei 2016. Ndio mwezi uleule ambao mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ya Dar, ulianza kubeba abiria Kimara.

Faida ya kampuni inatoka wapi? Kutoka kwenye ada ya huduma. Kampuni imesema: nitaendesha ratiba hii kwa kiasi hiki. Ikiweza kuiendesha kwa gharama ndogo zaidi bila kuharibu huduma, tofauti ni yake. Nauli yote, kila senti, inaingia serikalini. Basi likipita na abiria watatu au themanini, malipo ya kampuni hayabadiliki. Hivyo hasara ya siti tupu imehama kutoka kwa dereva na kampuni ikaenda kwa serikali, na mgombano wa abiria umekufa kwa kukosa chakula.

Ada hiyo haigandi kwa miaka mitano. Inapandishwa na kushushwa kufuata bei ya mafuta, mishahara na mfumuko wa bei, kwa kanuni iliyoandikwa ndani ya mkataba. Kipengele hiki wengi hukiruka wanapoiga, nao huumia. Mzabuni akijua dizeli ikipanda ni shauri yake, atafanya moja kati ya mawili: ataongeza bei mapema ili ajikinge, au ataweka bei ya chini ashinde, kisha mwaka wa pili aanze kuruka matengenezo. Hatari ambayo kampuni haiwezi kuidhibiti, usiibebeshe. Utailipia mara mbili.

Umeuliza nini kinaizuia kampuni isizembee. Hapa ndipo kazi ilipo, na napenda ulielewe vizuri kwa namba.

Chukua ruti yenye basi kila dakika 10. Abiria anayefika kituoni bila kuangalia saa atasubiri wastani wa dakika 5. Sasa tuseme mabasi yameandamana: moja limechelewa, la nyuma limelikaribia, na nafasi zimekuwa dakika 18 kisha 2. Kwa dakika 20 bado yamepita mabasi mawili, kwa hiyo ripoti ya kampuni itasema ratiba imetimia. Lakini kati ya abiria 20 wanaofika kituoni katika muda huo, 18 wameangukia kwenye nafasi ndefu na wanasubiri wastani wa dakika 9. Wawili tu wameangukia kwenye nafasi fupi na wanasubiri dakika 1. Wastani wa wote ni dakika 8.2. Zile dakika 3.2 za ziada ndizo zinazopimwa Singapore. Hawahesabu mabasi yaliyopita tu. Wanapima muda wa kusubiri uliozidi ule ulioahidiwa.

Utaratibu huu ulijaribiwa kuanzia 2014. Kila dakika 0.1 ya nafuu ililipwa kati ya dola 2,000 na 6,000 kwa mwezi, na kila dakika 0.1 ya kuzorota ilikatwa kati ya dola 1,500 na 4,000. Ruti moja ikizorota kwa nusu dakika, ni vipande vitano, yaani kati ya dola 7,500 na 20,000 zimepotea kwa mwezi. Meneja wa depo anaiona fedha hiyo kabla hajaiona sura ya mkaguzi.

Kwa nini mabasi huandamana? Basi lililochelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituoni, linatumia muda mrefu kupakia, linachelewa zaidi. La nyuma yake linakuta kituo kitupu, linawahi. Ukiliacha suala hili kwa dereva haliponi. Dawa yake ni chumba cha uongozi: kila basi linaonekana kwenye ramani, na dereva anaelekezwa apunguze mwendo au asubiri kituoni ili nafasi zirudi sawa. Mfumo wa kufuatilia mabasi ni wa LTA pia, na wote wanatumia huo mmoja, hivyo hakuna ubishi wa data ya nani. Dawa hii nayo ina uchungu wake: abiria wa Singapore hulalamika kwamba basi linajikokota ovyo barabara ikiwa nyeupe. Wana haki. Kipimo kinamtetea anayesubiri kituoni na kumsahau aliyekwisha kaa ndani, na sijaona kipimo kimoja kinachowatosheleza wote wawili.

Mfumo ulipoanza, ruti zenyewe ziliwekewa masharti ya chini: saa za msongamano hakuna ruti iliyoruhusiwa kuzidi dakika 15 kati ya basi na basi, angalau nusu ya ruti ziwe dakika 10 au pungufu, na zile fupi za kupeleka watu kwenye vituo vya treni ziwe kila dakika 6 hadi 8.

Umiliki wa mali nao si urembo. Serikali ikimiliki basi na depo, inaweza kumwondoa mwendeshaji mbovu bila kuvunja huduma. Mwaka 2021 fungu la Sembawang-Yishun lilihama kwenda Tower Transit. Magari na depo vikabaki mali ya serikali, na kampuni mpya hutakiwa kuwapa madereva waliopo ajira kwa masharti yasiyopungua waliyokuwa nayo. Abiria anaona nembo tu imebadilika. Rangi ya basi yenyewe haibadiliki, maana tangu 2016 ni kijani moja iliyopigiwa kura na wananchi. Depo ndiyo silaha kubwa kuliko basi. Basi linanunulika sokoni baada ya miezi kadhaa. Eneo la kulaza mabasi 500 katikati ya jiji, lenye karakana, sehemu ya mafuta na mahali pa kuoshea, halinunuliki. Kampuni iliyoshika depo imeshika zabuni zote zijazo. Na mahali depo inapokaa ni uamuzi wa miaka hamsini; nyinyi wa Dar mmeona mafuriko yalivyoyafanya mabasi ya mwendokasi kwenye depo ya Jangwani, sihitaji kueleza.

Nauli inapangwa na baraza jingine, lililo nje ya LTA na nje ya makampuni, kwa kanuni inayoangalia mishahara, nishati na mfumuko wa bei. Abiria anagusa kadi akipanda na akishuka, analipa kwa umbali. Asipogusa kushuka, anakatwa nauli ya mwisho wa ruti. Kule kugusa mara mbili kunaipa serikali kitu cha thamani kuliko nauli yenyewe: inajua watu wanapanda wapi na wanashuka wapi, siku hadi siku, na ruti inapangwa kwa ushahidi. Kuna tundu moja la kuziba hapa. Kampuni isiyochukua nauli haina uchungu na anayepanda bure, kwa hiyo ukaguzi wa tiketi lazima uwe na mwenyewe. Ukisahau hilo, utaona mapato yanayeyuka huku kila mtu akitimiza mkataba wake.

Fedha: nauli haitoshi. Serikali inaongeza zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka kwa mabasi na treni kwa pamoja. Nasema hili waziwazi kwa sababu wageni wengi hutembelea Singapore, huona mabasi safi, na kuondoka wakidhani zabuni ndiyo iliyoleta usafi. Zabuni ilileta nidhamu; ruzuku ndiyo iliyoleta idadi ya mabasi. Na ruzuku ikishaingia, kila ruti tupu ni kodi ya mtu. Novemba 2023 LTA ilikuwa imetangaza kuifuta ruti 167 kwa sababu reli mpya inapita karibu nayo. Wananchi wakapiga kelele, ikabakishwa kwa basi kila dakika 30. Mfumo wa zamani ungeiua ruti hiyo kimya kimya. Mfumo huu unalazimisha mjadala uwe wa hadhara, na mara nyingine siasa itashinda hesabu.

Sasa nirudi kwenye lile la paa moja. Piga nami hesabu ya mfano. Ruti inachukua dakika 60 kwenda, 60 kurudi, na dakika 8 za kupumzika kila mwisho: mzunguko ni dakika 136. Ukitaka basi kila dakika 8, gawanya: mabasi 17, ongeza mawili ya akiba, 19. Foleni ikifanya safari iwe dakika 75, mzunguko unakuwa 166, na unahitaji mabasi 21 kabla ya akiba. Mabasi manne zaidi, madereva wa zamu mbili kwa kila moja, dizeli na matairi, na abiria hajapata hata basi moja la ziada. Anachopata ni safari ndefu zaidi. Foleni inakula ruzuku. Ndiyo maana chombo kinacholipia mabasi ndicho hicho hicho kinachobana magari binafsi: mwaka 1975 magari yalianza kulipia kuingia katikati ya jiji saa za asubuhi, dola 3 kwa siku, mwaka 1998 malipo yakawa ya kielektroniki, yakirekebishwa ili mwendo ubaki kilomita 45 hadi 65 kwa saa kwenye barabara kuu za kasi na 20 hadi 30 kwenye barabara za mjini. Tangu Mei 1990 huwezi kusajili gari bila kushinda mnada wa kibali cha miaka 10, na tangu Februari 2018 ongezeko la magari binafsi limewekwa sifuri. Oktoba 2023 kibali cha gari kubwa kilifika dola 150,001, kabla hujanunua gari lenyewe. Waziri wa nchi yenye wizara tatu zinazogombana kuhusu barabara moja hawezi kufanya hivyo hata akitaka.

Reli sitaigusa sana, ila ujue waliumia huko kabla. Desemba 2011 treni zilikwama tarehe 15 na tena tarehe 17, na kampuni ikapigwa faini ya dola milioni 2. Iliyokuwa inaendesha ndiyo ilikuwa inamiliki treni, na matengenezo yalikuwa yamebaki nyuma. Oktoba 2016 serikali ikanunua mali hizo kwa takriban dola bilioni 1.

Mnaanzia wapi? Singeanza na jiji zima, wala na kununua mabasi. Ningechukua ruti mbili au tatu zenye abiria wa uhakika na kuweka kifaa cha kufuatilia kwenye kila gari miezi sita kabla ya mkataba, ili mjue hali halisi ya sasa. Bila hicho hamtajua cha kumlipa wala cha kumkata mtu. Wakati huo serikali itafute ardhi ya depo na kuiandika jina lake. Wamiliki wa daladala waliopo ningewaita wajiunge kampuni moja na kuomba zabuni, wakilipwa kwa kilomita zilizoendeshwa kwa wakati, na madereva wawe na mshahara ulioandikwa. Ofisi ya msimamizi iwe na watu wanaojua kuhesabu dakika zile 3.2, angalau wanne, wasiohamishwa kila uchaguzi.

Na kipengele cha malipo kisomwe na kila mtu kabla ya kusaini: tarehe ya kulipa, akaunti fedha inakotoka, na riba ya kila siku serikali ikichelewa. Nauli ikiingia kwenye mfuko mkuu na kusubiri idhini, mwezi wa kwanza kampuni itakopa dizeli, wa pili itachelewesha mishahara, na wa tatu dereva ataanza kuchukua fedha taslimu mlangoni.